Mafuta mekundu, mafuta meupe, na macho ya yaya wangu: jinsi walivyotufundisha kula wakati wa vita

Wakuu, salamu kutoka Uvira, huku kwenye kichwa cha Ziwa Tanganyika.

Kisa hiki ni changu na cha dada yangu, na sitakiongezea chumvi. Yeyote wa mtaa wetu wa Mulongwe aliyekuwa na akili zake wakati wa vita ya pili ya Kongo atasoma na kusema: ndiyo, ule moshi naukumbuka.

Kilichonifanya niandike ni nyuzi zenu za humu ndani.

Mmoja anaapa kwamba mawese yanaziba moyo. Chini yake mwingine anasema mawese ni dawa, sumu yenyewe ni alizeti. Wa tatu ameacha yote, anatia siagi kwenye kahawa na anataka tumpongeze. Wa nne ana picha ya parachichi badala ya sura yake, na anawatukana wote watatu.

Kila mmoja ana "utafiti unaonyesha". Ukiuliza utafiti uko wapi, unatumiwa video ya jamaa mwenye misuli aliyekaa ndani ya gari.

Mimi niliacha shule mapema. Nimebeba magunia bandarini Kalundu, nimesukuma baiskeli ya mihogo kutoka Luvungi, nimelala Bujumbura na Kigoma kwa watu nisiowajua. Lakini nasoma kila kinachopita mbele yangu, hata maandishi ya kopo tupu. Kwa hiyo msinijie na "wewe huna elimu ya lishe". Najua sina. Nataka kuwasimulia wale waliokuwa nayo.

Dada yangu mkubwa anaitwa Riziki. Huku kwetu mkubwa wako humwiti jina kavu, unamwita yaya. Basi ni Yaya Riziki.

Vita vilimkuta Mulongwe, ana mimba yake ya kwanza, anakaanga mikate kando ya barabara. Mikate ya kwetu ndiyo maandazi yenu. Mume wake alikuwa amekwenda Luvungi kutafuta unga wa muhogo, barabara ikafungwa nyuma yake. Bandari nayo ilikuwa imelala, sina kazi, nikahamia kwa yaya.

Chakula chetu kilikuwa kile cha kila mtu. Ugali wa muhogo, na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakapikwa na mafuta mekundu ya mawese. Ndagala, yaani dagaa, tulikula pale wavuvi walipoachwa waingie ziwani. Kisha askari wakakataza taa majini, na bila taa ndagala hawapandi juu. Samaki wakaisha.

Huo ndio wakati walioona unafaa kutufundisha juu ya hatari ya kula mafuta mengi.

Tuendelee.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa parokia. Kila mama aliyehudhuria alipewa kipande cha sabuni na chupa ya mafuta meupe ya kiwandani, kwa hiyo ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mimi nilisimama dirishani. Sikuwa mama, lakini maneno ni bure.

Mwalimu alikuwa bwana mmoja mwembamba, shati limechomekwa vizuri, ametumwa na mradi. Alitundika mchoro wa mfereji wa barabarani uliojaa uchafu, ule tunaouita kanivo. Na msipotee kwenye lugha yetu: "njo" ni "ndiyo" yenu, na "minye" ni "mimi".

"Bamama, muangalie vizuri. Hii kanivo njo mushipa ya moyo yenu. Na hii njo inaiziba."

Akainua kikombe cha mawese kilicholala nje usiku kucha kwenye baridi ya mvua. Kilikuwa kimeganda. Akakigeuza juu chini mbele ya watu na hakikumwagika kitu.

Ukumbi mzima ukasema "aaaah".

Tangu siku ile jina lake likawa Bwana Kanivo, na hakuna aliyemwita vingine.

"Mafuta nyekundu iko mubaya," akasema. "Nyeupe njo muzuri. Ule asiyekumbuka kintu, akumbuke hiyo tu."

Na kweli, walikumbuka hiyo tu.

Hebu fikirini, wakuu. Somo lile lilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekula nyama asubuhi, mchana na jioni, kisha anaketi kwenye kiti chenye magurudumu. Likaletwa kwa wanawake wanaokula ugali wa muhogo mara moja kwa siku na kubeba ndoo kichwani. Mioyo ya Mulongwe wakati ule ilikuwa na tatizo moja tu, nalo lilikuwa risasi.

Mafuta meupe ya zawadi yakaisha upesi. Mpaka wa Burundi ukafungwa, mengine hayakuja. Madukani kulibaki chupa chache ambazo wenye duka waliziweka juu kabisa, kama sanamu za watakatifu.

Sasa angalia walichofanya watu wetu.

Nani alianza sijui. Unachukua mawese mekundu, unayatia kwenye sufuria, unafunika, unaweka kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, yenye makaa mengi. Unayaacha yachemke mpaka moshi mzito utoke, unaokwaruza koo na kutoa machozi. Unasubiri zaidi. Ukifunua, wekundu wote umekwenda. Mafuta yamebaki ya rangi ya maji ya mchele.

Meupe! Si ndivyo alivyosema mwalimu?

Wakayaita mafuta ya kubatizwa.

Mtaa mzima ukawa unabatiza. Jirani yetu mmoja aliunguza paa lake la nyasi kwa ubatizo huo. Watoto walikohoa. Na mama aliyeonekana bado anapika na mafuta mekundu alitazamwa kama mtu aliyekuja kanisani bila viatu.

Ng'ambo ya njia alikuwepo Mama Sifa, muuza mawese, mwanamke mnene mwenye mdomo mkali. Alidhani biashara imekufa. Kumbe wateja waliongezeka, maana mafuta yakichomwa yanapungua, wanarudi kununua tena.

"Munanunua nyekundu, munachoma, munakula moshi," alikuwa anawacheka. "Asante sana bamama. Kesho mukuje tena."

Yaya akamwonya siku moja: "Mama Sifa, hii mafuta yako itakuziba moyo."

"Moyo yangu iliziba siku bwana yangu alifwata vita. Weye choma yako, uniache."

Msidhani Mama Sifa alijua kitu. Yeye aliamini mafuta mekundu yanaongeza damu kwa sababu yanafanana na damu. Elimu yake iliishia hapo. Aliyala kwa sababu yalikuwa yake.

Siku moja Bwana Kanivo akapita mtaani kukagua kazi yake. Akaona sufuria zinafuka kila uwanja. Akainama juu ya sufuria ya yaya.

"Bon. Iko nyeupe. Muzuri sana, mama."

Nikamwuliza, kwa heshima kabisa: "Mwalimu, ule ubaya uliokuwa ndani ya mafuta sasa umekwenda wapi? Umetoka na moshi? Na kama ubaya umetoka, uzuri wake nao haukutoka?"

Akanitazama kuanzia miguuni. "Weye ulisoma mpaka wapi?"

Nikamwambia.

Akacheka, akaenda. Mpaka leo swali langu halijajibiwa.

Baadaye miguu ya yaya ikavimba. Muuguzi wa zahanati akamwambia aachane na mafuta na chumvi, aina yoyote, rangi yoyote, achemshe tu. Basi sombe ikawa inachemshwa kwa maji. Wakuu, kama hujawahi kula sombe ya maji matupu, chukua majani, chukua maji, hasira utaipata mwenyewe.

Mama wa kikundi cha maombi akaja akasema hapana, mjamzito anywe samli ya ng'ombe wa milimani ili mtoto awe laini. Milima ilikuwa na vita. Samli ingetoka wapi, mbinguni? Mwingine akasema mafuta yanamnenepesha mtoto, atashindwa kutoka.

Yaya alikuwa mtu wa kusikiliza watu wazima. Akawasikiliza wote. Kilichobaki kwenye sahani yake kilikuwa muhogo, majani ya maji, na siku moja moja kijiko cha mafuta ya kubatizwa.

Kisha macho yakaanza.

Mchana anaona vizuri. Jua likishagusa milima, anaanza kupapasa. Mara ya kwanza alipiga teke beseni la unga lililokuwa mbele yake. Nikacheka. Mara ya pili nilimkuta mlangoni jioni, anazungumza na mbuzi wa jirani: "Mudogo, ingia, mvua inakuja."

Hapo sikucheka sana.

"Yaya, minye niko huku."

Akageuka kwenye sauti. Kisha akasema polepole: "Usiambie muntu."

Mtaa ulijua kabla yangu. Wanasema ana macho ya kuku, maana kuku naye giza likiingia haoni kitu. Wengine wakasema mume wake amepata mwanamke Luvungi na huyo mwanamke amemfunga macho. Mulongwe kulikuwa na wajawazito wengine wawili wenye shida hiyo hiyo. Mwanamke wa Luvungi naye alikuwa na kazi nyingi, inaonekana.

Mngesema, kutoona jioni si kifo, si alale tu? Subirini.

Kwetu wakati ule risasi zilikuwa na saa zao. Zilishuka kutoka milimani jua likizama. Zikianza, hukai kufikiri. Unachukua kilicho karibu, unakimbia kusini kando ya ziwa. Asiyeona njia saa ile ni mtu aliyekufa ambaye bado hajaambiwa.

Siku ikafika, risasi zikaanza.

Nikamwambia yaya ashike shati langu nyuma asiachie. Tukatoka. Njia imejaa watu, magodoro, mbuzi, mtu na cherehani kichwani. Kila mlio ukitoka watu wote wanainama pamoja, kisha wote wanainuka pamoja. Yaya anafuata shati. Naongea njia nzima: jiwe, shimo, kushoto, inua mguu.

Mtu mmoja mwenye baiskeli akapita kati yetu. Shati likachomoka mkononi mwa yaya.

Nilisikia tu mlio wa kitu kizito. Nikarudi. Yaya alikuwa ameanguka ndani ya kanivo.

Ndiyo, wakuu. Mfereji wa kweli, wa saruji, wa kina cha kufika kifuani, umejaa matope ya mvua. Siyo ule wa kwenye mchoro.

Alikuwa ameketi ndani na mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Yaya, simama, nikuvute."

"Nasimama wapi? Sioni kintu."

"Mkono yangu iko hapa. Hapa!"

Alinyoosha mkono upande usio wangu. Juu yake watu wanaruka mfereji, matope yanammwagikia, mmoja anatutukana tumeziba njia. Mlio mwingine ukatoka, wa karibu.

Yaya akarudisha mkono wake tumboni. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayenituma dukani: "Mudogo, wende. Weye uko na macho. Wende."

Nikaruka ndani. Nikamvua kitenge chake cha juu, nikakipitisha chini ya makwapa, nikapanda na kuvuta. Sijui nguvu zile zilitoka wapi, maana mimi nilikuwa nakula kama yeye. Alipotoka, nilikifunga kile kitenge kiunoni mwangu na kiunoni mwake, tukaenda hivyo hivyo, kama mbuzi wa sokoni.

Tulitembea mpaka tukafika kijijini kwa wajomba zetu, kusini kabisa, upande wenye michikichi mingi. Mtoto tumboni alikuwa bado anacheza. Yaya alikuwa anachechemea, na anachechemea mpaka leo mvua ikitaka kunyesha.

Kule kijijini hakuna mafunzo yaliyofika. Hakuna aliyejua kwamba mafuta ni ya kubatizwa. Walikamua mawese wenyewe, mekundu mpaka yanapaka ukuta rangi, wakamwagia kwenye maharagwe, kwenye sombe, kwenye kila kitu. Yaya alijaribu kukataa mara moja.

Mke wa mjomba akamwuliza: "Weye umekimbia risasi, sasa unakimbia maharagwe?"

Akala.

Zikapita siku, zikapita wiki. Jioni moja tumekaa nje, jua limeshazama, milima imekuwa myeusi. Yaya ananitazama. Akakunja uso.

"Weye, hii shati unavaa tangu lini? Angalia ile kola. Hauna haya?"

Nadhani nililia kidogo, lakini shati lilikuwa chafu kweli kiasi kwamba sikuwa na pa kufutia.

Mnajua kilichofuata? Kila mtu alidai amemponya. Wale wa kikundi cha maombi waliokimbilia kule pia walisema ni maombi. Mjomba alisema ni jani lake la kuosha uso. Mmoja akasema yule mwanamke wa Luvungi lazima amekufa. Mafuta hayakumtuma mtu wa kuyasemea.

Mtoto akazaliwa kule kule, msichana, mzima. Akaitwa Neema.

Mambo yalipotulia tukarudi Mulongwe. Na ukumbi wa parokia ulikuwa na mafunzo tena. Mradi mwingine, kitambaa kingine ukutani, sabuni ile ile.

Nikachungulia dirishani pangu. Mbele amesimama nani? Bwana Kanivo. Shati limechomekwa vizuri.

Safari hii mchoro wake ulikuwa wa jicho.

"Bamama, mafuta nyekundu njo dawa ya macho! Mama wa mimba asiyekula rangi hii, jioni haoni. Na musiichome! Mukichoma, dawa yote inakwenda na moshi."

Nilitaka kupiga kelele. Sikuhitaji. Yaya alikuwa ndani, mstari wa mbele, Neema mgongoni. Akasimama.

"Mwalimu, si weye njo ulitukataza?"

Akamtambua, au hakumtambua, sijui. Alitabasamu. "Mama, ule ilikuwa mradi ya moyo. Hii ni mradi ya macho. Sayansi inasonga mbele."

"Inasonga mbele wapi?" yaya akasema. "Minye nilisonga mbele nikishika shati ya mudogo yangu. Nikaanguka mu kanivo na tumbo. Ulikuwa wapi na mchoro yako?"

Ukumbi ulilipuka. Mama Sifa, aliyekuja kufuata sabuni kama wengine, alipiga meza mpaka kikombe cha mwalimu kikaanguka. Bwana Kanivo alisubiri kelele ziishe, akapangusa meza, akaendelea na jicho lake. Hakuomba samahani. Kwake yeye alikuwa sahihi mara zote mbili.

Sasa tuje leo, maana bila leo nisingeandika.

Yaya ni mtu mzima, anakaa Kimanga, hapa hapa Uvira, amenenepa. Presha anayo, siyo ya kuambiwa, imepimwa. Daktari amemwambia apunguze mawese. Neema, yule aliyekuwa tumboni ndani ya mfereji, anafanya kazi Bujumbura. Mwezi uliopita alikuja na chupa ya mafuta ya kijani ya mzeituni, akaitua mezani kama mtu aliyeleta mahari.

"Mama, kwa ajili yangu. Hii iko muzuri kwa moyo."

Yaya akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja.

Neema akanivuta nje: "Mjomba, weye njo anakusikiaka. Umwambie."

Na hapa ndipo dharau yangu inapogeuka kuwa kitu kingine, wakuu. Kwa sababu nadhani mtoto yuko sahihi. Yaya wa leo siyo yule mwenye njaa wa wakati wa vita. Anakula vizuri, anakaa sana, mwili umebadilika. Huenda lile somo la mfereji limefika kwa mtu wake hatimaye, miaka mingi baadaye. Lakini nani atamwambia aamini? Waliitumia imani yake yote siku zile, wakamrudishia sabuni.

Nilimwambia hata hivyo. Nilimwambia mbele ya Neema kwamba apunguze, asiache. Kijiko kwenye sombe, siyo kikombe.

Jioni ilikuwa inaingia. Akainuka, akachechemea mpaka mlangoni, akasimama anatazama ziwani, ambako wavuvi wa ndagala walikuwa wanawasha taa. Hufanya hivyo kila jioni kabla ya kupika. Neema amekua akiona hivyo, hajawahi kuuliza.

Siku hiyo aliuliza. "Mama, unaangaliaka nini?"

"Naangalia kama nyinyi benye kujua bado mumeniachia macho."

Alipoziona taa, akarudi jikoni. Akachukua mawese, akatia kijiko kimoja. Akaangalia sufuria. Akafunga chupa.

Ile ya kijani bado iko kabatini, haijafunguliwa.

Nilichojifunza ni kidogo. Shauri la mafuta halina maana mpaka ujue linamwendea nani, na huyo mtu kwenye sahani yake kuna nini kingine. Anayekushauri bila kuuliza hivyo, hata awe na mchoro mzuri namna gani, anajisomea mwenyewe kwa sauti.

Uwanja ni wenu. Wa parachichi, wa siagi, wa alizeti, njooni mnishambulie. Lakini kabla hujamshauri yaya wangu, andika kwanza mstari mmoja: wewe mwenyewe jana ulikula nini?